Kable, Wi-Fi ama diski ya nje: njia ipi ya kuhamisha mafaili makubwa kati ya kompyuta mbili?

Jumamosi moja ya Agosti tulirudi kutoka harusini karibu saa tano za usiku, tukiwa na gigabaiti 120 za video. Kadi za kamera tulikuwa tumeshazimimina kwenye laptopu tuliyokwenda nayo ukumbini, lakini kazi ya kukata na kupanga video tunaifanya kwenye kompyuta kubwa ya studio, hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi. Familia ya bwana harusi ilikuwa inarudi Kolwezi Jumatatu asubuhi na ilitaka iondoke na walau dakika 20 za kuonyesha nyumbani. Tukaunganisha mashini mbili kwa kable, tukaanza kunakili. Windows ikaonyesha megabaiti 11 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, gigabaiti 120 zinataka saa tatu. Saa ya pili ilikuwa inakwisha pale umeme ulipokatika.

Video hazikupotea, ila tulianza upya alfajiri. Kilichoniuma zaidi nilikijua siku mbili baadaye: ndani ya kable kulikuwa na uzi mmoja uliokatika. Mashini zote mbili zilikuwa na uwezo wa kwenda mara kumi ya mwendo ule. Tangu hapo nimejaribu kila njia niliyoweza kuishika mkononi, na watu wananijia na swali lilelile: ninunue ruta mpya, kable, ama diski? Siwezi kumjibu mtu kabla sijajua mashini zake ni zipi, kazi yake ni ipi na umeme wa mtaa wake ukoje. Kwa hiyo naziweka njia zote hapa, kila moja ipimwe kwa vipimo vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni kasi halisi, siyo ile iliyoandikwa kwenye katoni. Katoni huhesabu kwa biti, na kompyuta yako huonyesha baiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo gigabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 125 tu, na ukitoa kinacholiwa njiani unabaki na kama 110 hivi. Anayeona "1000" kwenye katoni na "110" kwenye skrini hajaibiwa.

Cha pili ni gharama. Cha tatu ni usumbufu wa kuunganisha. Cha nne, ambacho waandishi wa nchi zenye umeme wa kudumu hawakifikirii, ni hiki: delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikipita katikati ya kazi, unabaki na nini? Mzigo wa kupimia utakuwa uleule wa harusi yangu, gigabaiti 120.

Kabla ya yote, ukumbuke diski zilizo ndani ya mashini zako. Mpira wa maji uliokunjwa mahali pamoja hautoi maji mengi hata ukifungua bomba lote. Diski ya kuzunguka ya laptopu ya zamani husoma na kuandika megabaiti 80 hadi 120 kwa sekunde ikiwa bado na afya. SSD (diski isiyozunguka) ya aina ya SATA hufika 500 na kidogo. SSD ya aina ya NVMe hupita 2000 bila jasho. Ikiwa upande mmoja una diski ya kuzunguka, hakuna kable duniani itakayokupa zaidi ya 120. Wengi wanaokuja kwangu wanataka kununua kitu cha mtandao wakati mkunjo wa mpira uko ndani ya kompyuta yenyewe.

Kable ya Ethaneti

Hii ni kable ya kawaida yenye vichwa vya RJ45. Unaweza kuichomeka moja kwa moja kutoka mashini hii hadi ile, bila ruta wala intaneti. Zamani ilihitajika kable maalum iliyopindwa nyuzi zake; kwa kadi za gigabiti haihitajiki, mashini zinaelewana zenyewe.

Kasi: kadi zote mbili zikiwa za gigabiti na kable ikiwa nzima, utaona megabaiti 110 hivi. Harusi yangu inapita kwa dakika 18. Kadi ya zamani ya megabiti 100 inakupa 11, yaani saa tatu. Katikati hakuna kitu. Hizo namba mbili zishike vizuri, kwa sababu ukiona 11 umeshajua ugonjwa: mahali fulani njia imeshuka hadi 100. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyuzi ndani ya kable, wakati ile ya 100 hutumia jozi mbili tu. Uzi mmoja wa zile jozi nyingine ukikatika, mashini hazilalamiki. Zinashuka kimya kimya na kuendelea kufanya kazi, na wewe unabaki kuilaumu Windows. Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao uangalie kasi ya kiungo: ikiwa ni 1000/1000 uko salama, ikiwa ni 100/100 badilisha kable kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

Kuhusu kable yenyewe nina neno, na nalisema nikiwa mtu wa mji huu. Mkoa wetu uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na babu zetu walikwisha mapafu kuichimba na kuiyeyusha. Hata hivyo kable nyingi zinazouzwa madukani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu tu. Muuzaji atakwambia, "Yaya, hii ni orijinali, shaba tupu." Mwombe kipande, kwangua uzi kwa wembe. Shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani. Ile nyingine inang'aa kama fedha chini ya ngozi. Ni nyepesi mkononi na ukiikunja mara chache inakatika, ndivyo ilivyonitokea mimi. Kwa mita tatu mezani inaweza kufanya kazi kwa muda. Kwa kuvuta ukutani, nakusihi usiiweke.

Kable ya Cat5e inatosha kwa gigabiti hadi mita 100. Cat6 ni nzuri, lakini usiinunue ukidhani itaongeza kasi ya kadi ya gigabiti. Haiongezi.

Ukitaka kuunganisha mashini zaidi ya mbili, weka swichi ndogo ya gigabiti (kisanduku cha kuunganishia kable za mtandao) katikati, kasi haipungui. Jihadhari na kuchomeka kompyuta zote mbili kwenye ruta ya 4G. Ruta nyingi za bei ya chini zina matundu ya megabiti 100, na utarudi kwenye 11 yako hata kable ikiwa ya dhahabu. Vilevile laptopu nyembamba zisizo na tundu la mtandao zinahitaji adapta ya USB. Hakikisha adapta ni ya USB 3 na ya gigabiti. Ile inayopita USB 2 haitavuka megabaiti 35 ama 40, hata kama imeandikwa gigabiti kwa herufi kubwa.

Gharama: kable fupi ndiyo kitu rahisi kuliko vyote katika makala haya. Swichi ya matundu matano bado ni pesa ya wastani.

Usumbufu: upo, mara ya kwanza tu. Mashini mbili zilizounganishwa moja kwa moja hazina wa kuzigawia anwani, hujipa zenyewe anwani zinazoanza na 169.254. Zinaweza kuonana hivyo, lakini mimi huziandikia kwa mkono: moja 192.168.50.1, nyingine 192.168.50.2, zote na 255.255.255.0 kwenye mstari wa pili, na sehemu ya lango naiacha tupu. Halafu nashiriki folda moja, naweka nenosiri, na upande wa pili naandika \\192.168.50.2 badala ya jina la kompyuta. Hili dogo lina uzito. Ukitumia jina huku Wi-Fi nayo imewaka, Windows inaweza kupitisha mafaili hewani wakati kable imekaa bure, na hutajua kwa nini mwendo ni wa konokono.

Umeme ukikatika: laptopu mbili zenye betri nzima zilizoungwa moja kwa moja zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukiwa na swichi ama kompyuta ya mezani, hiyo inazima na kazi inasimama, isipokuwa una onduleri (UPS, kisanduku chenye betri ya akiba).

Njia hii inamfaa mwenye mashini mbili zinazokaa mahali pamoja na anayehamisha mizigo mikubwa kila wiki. Anayehama hama na laptopu begani ataichoka.

Wi-Fi

Kwanza tuondoe hofu moja: kutuma faili kati ya kompyuta mbili za Wi-Fi moja hakuli mega zako. Data inazunguka ndani ya nyumba, haitoki kwenda intaneti. Kinachokula mega ni kutuma kwa WhatsApp ama kupandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni ili mwenzako aliye meza ya pili aishushe tena. Nimeona vijana wakifanya hivyo kila siku na pesa yao inaniuma kama yangu.

Kasi: hapa ndipo katoni husema mengi kuliko popote. Hewa ni kama njia ya wembamba wa gari moja, anayepita mmoja anamsimamisha mwingine. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye Wi-Fi, kila faili inapita hewani mara mbili: kutoka mashini ya kwanza hadi ruta, kutoka ruta hadi ya pili. Mwendo unagawanyika nusu hapo hapo. Kwangu, na ruta ya kizazi cha 5 juu ya meza ileile, masafa ya gigahezi 5, napata megabaiti 25 hadi 30: harusi inachukua saa moja na zaidi. Nikichomeka mashini moja kwa kable kwenye tundu la gigabiti la ruta na kuiacha nyingine hewani, napata karibu 55, dakika kama 36. Kwenye gigahezi 2.4, ambako majirani wote wamejazana, naweza kushuka hadi 5, na hapo ni heri kulala. Ukuta wa matofali ya kuchoma unapunguza, mlango wa chuma unapunguza zaidi, na gigahezi 5 ndiyo inayoteseka kuliko 2.4 kwa umbali.

Kuna ujanja mmoja wasioutumia wengi: acha ruta kabisa, fanya laptopu moja iwe kituo cha Wi-Fi na nyingine iungane nayo. Data inapita hewani mara moja tu. Programu kama LocalSend, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, inafanya kazi vizuri hapo, hata kati ya simu na kompyuta.

Gharama: sifuri ikiwa ruta unayo. Ruta mpya ya kizazi cha 6 ni pesa nyingi, na haina maana ikiwa kadi zilizo ndani ya laptopu zako ni za kizazi cha 4.

Usumbufu: hakuna njia nyepesi kama hii, watu wanaungana wenyewe.

Umeme ukikatika: ruta inazima, kila kitu kinasimama, ila ukiwa umeunga laptopu kwa laptopu.

Wi-Fi inamfaa mwenye mafaili ya wastani, ofisi ya watu kadhaa wanaopeana hati, ama mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta. Kwa video za harusi kila Jumamosi, utaishi kwa kusubiri.

Diski ya nje

Wengine wataniambia hii siyo kuunganisha kompyuta. Ni kweli, lakini anayeniuliza hataki kuunganisha, anataka mafaili yafike.

Kasi: USB 2 huishia megabaiti 30 hadi 40. USB 3, ambayo tundu lake mara nyingi ni la buluu, inaruhusu zaidi ya 400 kwa SSD nzuri. Diski ya nje ya kuzunguka inabaki kwenye 100 hivi hata kwenye tundu la buluu. Sasa kumbuka kwamba unanakili mara mbili, kuingia na kutoka. Kwa diski ya kuzunguka ni dakika 20 na 20 tena, tayari kable imekushinda. Kwa SSD ya nje na mashini zenye SSD ndani, ni dakika 5 na 5. Na kuna jambo kubwa zaidi kwa sisi wa video: si lazima kunakili mara ya pili. Chomeka SSD kwenye kompyuta kubwa na uhariri moja kwa moja kutoka humo. Ukiwa huna nakala nyingine, usithubutu kufuta kadi za kamera.

Flashi ndogo za kawaida usizihesabu hapa. Nyingi huandika megabaiti 5 hadi 20 kwa sekunde, hata zikiandikwa USB 3.

Gharama: SSD ya nje ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Ukiona ya terabaiti nyingi kwa bei ya chakula cha mchana, ndani kuna kumbukumbu ndogo iliyofundishwa kudanganya: inapokea mafaili yote, halafu ya mwisho hayafunguki. Ijaribu kwa programu ya H2testw ama F3 kabla ya kuikabidhi harusi ya mtu. Hata za kweli, zile za bei ya chini huanza kwa kasi na kuchoka katikati ya mzigo mkubwa.

Usumbufu: mdogo, ukiifomati vizuri. FAT32 haikubali faili inayofika gigabaiti 4. exFAT inakubali na inasomeka Windows na Mac, lakini haivumilii kuchomolewa ghafla. Itoe kwa utaratibu kila mara. Diski zinazopita vibanda vya fotokopi karibu na chuo kikuu hurudi na virusi, kwa hiyo usipeleke huko diski ya kazi, peleka flashi yenye faili moja.

Umeme ukikatika: laptopu inailisha diski kwa betri yake, kazi inaendelea. Hapa diski inaongoza.

Inamfaa anayetembea: mpiga picha, mwanafunzi, mtu wa kazi za Likasi leo na Kasumbalesa kesho.

Thunderbolt na USB4

Haya ni matundu ya kasi ya juu yenye umbo la USB-C. Nitapita haraka kwa sababu wachache wetu wanayo. Kompyuta mbili zenye matundu ya Thunderbolt 3 ama zaidi zinaweza kuungwa kwa kable moja na kuonana kama mtandao, kwa mwendo unaofika gigabiti 10. Harusi nzima kwa dakika chache, ikiwa diski za ndani zinaweza kufuata. Kable ya kweli ni ghali na fupi, na kable ya simu yenye kichwa kilekile haifanyi kazi hiyo. Kuunganisha ni rahisi. Betri zikiwa nzima, delestaji haiigusi. Inawafaa wenye Mac mbili mpya ama laptopu za daraja la juu.

Onyo moja: usiunge kompyuta mbili kwa kable ya USB ya kawaida yenye vichwa viwili vipana. Pande zote mbili zinatoa umeme, na unaweza kuunguza tundu.

Kabla ya kulaumu njia yoyote

Picha 8,000 ndogo huenda polepole kuliko video moja ya uzito uleule, kwa njia zote nilizotaja, kwa sababu kila faili ina mlango wake wa kufungua na kufunga, na antivirusi inabisha kwenye kila mlango. Zifunge kwenye faili moja kwa 7-Zip, na uchague kutominya. Picha za JPEG na video zimeshaminywa, kuzibana tena ni kupoteza muda.

Kwenye Windows, mimi nimeacha kuburuta mafaili kwa panya. Natumia robocopy, amri ya kunakili iliyomo ndani ya Windows yenyewe, na mstari wangu ni huu:

robocopy D:\harusi \\192.168.50.2\kazi /E /Z /MT:8

Hiyo /MT:8 inatuma mafaili nane kwa pamoja, inasaidia sana kwa picha. Hiyo /Z inapunguza mwendo kidogo, lakini umeme ukikatika unarudia amri ileile na kazi inaendelea ilipoachia. Ningeijua usiku ule, familia ya Kolwezi ingepata dakika zake 20 mapema. Kwenye Linux, rsync na --partial inafanya huduma hiyo.

Na ukitaka kujua kama mkunjo uko kwenye mtandao ama kwenye diski, endesha iperf3, programu ya kupima mwendo wa mtandao, pande zote mbili. Haigusi diski. Ikikupa karibu megabiti 940 huku kunakili kukikupa megabaiti 40, kable yako ni nzima. Nenda ukaangalie diski.

Kwa hali yako

Una mashini mbili studioni na hazitoki: kable fupi ya shaba, onduleri kwa ile ya mezani, robocopy. Ukiwa na pesa iliyobaki, nunua SSD ya ndani kabla ya kitu kingine chochote.

Unapiga picha nje na kuhariri nyumbani: SSD ya nje iliyopimwa, na kadi za kamera zisifutwe mpaka kuwe na nakala mbili.

Ofisi ya watu watano wanaopeana hati na hesabu: Wi-Fi mliyonayo inatosha, ila kompyuta yenye mafaili ya pamoja ichomekwe kwa kable kwenye ruta. Hilo peke yake linaweza kuongeza mwendo mara mbili bila kununua ruta.

Nyumba mbili ndani ya parseli moja, yaani kiwanja kimoja: kable inafika vizuri, lakini msimu wetu wa mvua una radi, na waya wa shaba uliopita nje kati ya nyumba mbili unaweza kuingiza umeme wa radi hadi kwenye kadi. Hapo Wi-Fi ya gigahezi 5 yenye madirisha yanayotazamana ni salama zaidi, hata ikiwa na mwendo mdogo.

Mwanafunzi mwenye laptopu ya okazyoni (iliyokwisha kutumika) na rafiki mwenye kozi zote za mwaka: laptopu moja iwe kituo cha Wi-Fi, LocalSend pande zote mbili, na hamtatumia hata franka moja.

Na ikiwa ni kilio, familia imekuletea simu tatu zenye picha za marehemu na wanataka zionyeshwe ukutani usiku huohuo, usianze kufikiria kasi ya juu. Chukua njia ambayo delestaji haiikati: kable ya simu hadi laptopu yenye betri, kisha diski, kisha projekta. Picha za simu tatu si nyingi. Zitafika kabla watu hawajaketi.